Voodoo Floss kwenye kifundo cha mguu: inachotoa na isichotoa

Usiuchanganye mpira wa Voodoo Floss na bandeji ya krepu. Krepu hufungwa ikakaa kwa saa kadhaa kuzuia uvimbe. Voodoo Floss, inayouzwa na kampuni ya Rogue ya Marekani, ni utepe wa mpira wenye urefu wa kama sm 210 na upana wa sm 5. Unakazwa kwelikweli, kifundo kinachezeshwa ndani yake kwa dakika 2, kisha unafunguliwa. Mtaalamu wa viungo Kelly Starrett ndiye aliyeueneza kwenye kumbi za mazoezi. Wauzaji wa mipira ya namna hii huahidi nguvu, msawazo na wepesi kwa pamoja, lakini ahadi hizo hazina uzito sawa.

Inayoaminika zaidi ni mkunjo, yaani goti kusonga mbele ya vidole huku kisigino kikibaki chini. Majaribio ya Matthew Driller na wenzake huko New Zealand, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kifundo kikikunjika zaidi baada ya kufungwa, na tofauti hiyo ilionekana hata dakika 45 baadaye. Kwa upande wa nguvu, matokeo ya tafiti yanagongana, na hakuna msuli unaojengwa kwa kubanwa dakika mbili.

Msawazo ndio unaodanganya watu. Kipimo kimojawapo ni kusimama kwa mguu mmoja na kunyoosha mwingine mbele kadiri unavyofika. Umbali huo hutegemea sana mkunjo wa kifundo ulichosimamia, kwa hiyo kikilegea kidogo utafika mbali zaidi, hata kama uwezo wako wa kuzuia kuyumba uko palepale.

Kwa sababu hiyo, pima kabla ya kununua. Simama peku ukielekea ukuta, gusisha goti ukutani bila kuinua kisigino, kisha rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka goti lishindwe kugusa. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Upande mmoja ukipungukiwa na sm 2 au zaidi, au ukihisi kizuizi mbele ya kifundo, mpira una kazi ya kufanya. Lakini kifundo kilichoteguka mara nyingi na kinachopinduka ovyo huenda tatizo lake si kukakamaa. Hicho kinahitaji mazoezi ya nguvu, na pesa ya mpira ni afadhali ibaki mfukoni.

Kufunga ndiko kunakokosewa zaidi. Chora alama mbili zenye nafasi ya sm 10 mpira ukiwa haujavutwa. Unapofunga, nafasi hiyo ifike sm 15, isizidi hapo. Anza nyuma ya vidole na uviache wazi, maana ndivyo vitakavyokuonyesha hali ya damu. Zungusha mara mbili katikati ya wayo, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, halafu pita kwa umbo la nane kuzunguka kisigino, kisha panda juu hadi sm 10 hivi juu ya kifundo. Kama mguu hupindukia ndani, mpira upite chini ya wayo kutoka upande wa ndani kwenda nje, na uvutwe juu kwa upande wa nje. Hauna kifungio: ncha huchomekwa chini ya mzunguko wa mwisho, na ukiwa na mikono yenye jasho itakuponyoka. Hilo ni udhaifu wa kweli.

Watu hukaza zaidi wakifika juu, mahali palipo pembamba kuliko pote. Kwa mvuto uleule, kiungo chembamba hubanwa zaidi kuliko kinene, na kila tabaka huongeza mgandamizo. Ndiyo maana mkazo unaovumilika pajani huwa mateso kifundoni.

Ukishafunga, kunja na kunjua mara 20, zungusha pande zote, kisha chuchumaa nusu mara 10 goti likienda mbele. Fungua dakika 2 zikitimia na tembea dakika moja. Rudia mara mbili tu. Ganzi, maumivu makali, au vidole kuwa vyeupe au vya buluu, fungua papo hapo. Mwenye mzio wa lateksi (mpira wa asili), mishipa iliyovimba, historia ya damu kuganda, dawa za kuzuia kuganda, kisukari kilichopunguza hisia miguuni, kidonda au mvunjiko asiuguse.

Halafu itumie nafasi iliyofunguka, la sivyo inajifunga tena. Simama kwenye ngazi, shusha kisigino polepole kisha kiinue tena, mara 15, raundi tatu. Simama mguu mmoja sekunde 30, kisha macho yakiwa yamefumbwa. Hapo ndipo nguvu na msawazo hupatikana.

Je, tyubu ya baiskeli iliyokatwa inatosha? Kwa kujaribu, ndiyo. Lakini haivutiki sawasawa na kingo zake hukata ngozi, kwa hiyo vaa soksi nyembamba.

Mafuta huozesha lateksi, iwe ya nazi au ya kuchulia misuli, hivyo paka baada ya zoezi. Osha kwa maji na sabuni, anika kivulini, nyunyizia poda. Ukiona mpasuko ukingoni, hata wa milimita moja, tupa: utakatikia mguuni ukiwa umevutwa.