Datsun 1200 iliyokuja ndani ya magunia, na boksi la bolti nililoiagizia

Pikapu yangu niliipokea ikiwa bodi tupu juu ya matofali, injini pembeni, na magunia matatu ya vitu vidogo. Aliyeifungua alitaka kuipiga rangi, akaishia njiani, na hakuweka alama hata moja. Bolti za milango, za madigadi, za bampa na za injini zote zilikuwa ndani ya debe moja lenye kutu. Nilizimwaga juu ya turubai nikazipanga siku mbili kwa unene na urefu. Bawaba za mlango wa kushoto zilibaki na bolti mbili tu. Za breketi ya altaneta hazikuwepo kabisa.

Hapo ndipo nilipoagiza boksi la bolti linalouzwa kwa ajili ya magari ya zamani ya Kijapani: M6, M8, M10 na chache za M12 (namba ni unene wa bolti kwa milimita), pamoja na nati na washa, kila saizi katika chumba chake. Nimelitumia miezi minne sasa.

Sifa yake kubwa ni meno. Bolti ya M10 unayoikuta kwa urahisi kila mahali ina hatua ya milimita 1.5, yaani kutoka jino hadi jino. Magari ya Kijapani yanatumia sana M10 ya hatua 1.25. Ukiziangalia kwa macho zinafanana. Ukiifunga ile ya 1.5 kwenye tundu la 1.25 inaingia raundi mbili au tatu, kisha inagoma, na fundi mwenye haraka anaongeza bomba kwenye spana. Basi, tundu limekwisha. Kwenye pikapu hii nimekuta matundu mawili yaliyouawa hivyo, nikalazimika kuyapitishia tapu, kile chuma cha kukata meno ndani ya tundu, upya. M10 zote za boksi hili nimezipima kwa geji ya meno na kweli ni 1.25. Hata hivyo pima kila tundu kabla ya kufunga, kwa sababu 1.5 nazo zipo kwenye magari haya haya.

Vichwa pia ni vya Kijapani. M8 inafunguliwa kwa spana namba 12, si 13, na M10 kwa namba 14, si 17. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo mpaka aingize mkono nyuma ya altaneta, mahali ambapo kichwa cha 17 hakiachi hata nafasi ya spana kuzunguka. Alama ya 8.8, ya daraja la nguvu ya bolti, imegongwa juu ya vichwa vya M8 na M10, na hadi sasa hakuna kilichokatika wala kujipinda.

Sasa kasoro. Urefu wa M8 ni wa aina mbili tu, milimita 16 na 30, na pikapu hii inadai 20 na 25 karibu kila kona. Nilijaribu kulazimisha ya 30 kwenye breketi ya altaneta. Spana ikakaza vizuri kabisa, nikaridhika, kumbe ncha ya bolti ilikuwa imegota chini ya tundu na breketi yenyewe inacheza. Niligundua nilipoishika kwa mkono. Tangu siku hiyo kila tundu lisilotoboka upande wa pili nalipima kina kwa mkia wa kalipa, najumlisha unene wa kitu ninachokifunga, ndipo nachagua bolti. Wauzaji wangepunguza hizo M6 zilizojaa tele wakaweka M8 za 20, boksi lingekuwa na thamani mara mbili.

Washa ni laini mno. Zile za M10 zinabonyea katikati ukikaza, nimezitupa zote. Nati za kizimba, zile zinazokaa ndani ya bati, hazimo. Skrubu za nyota zimo, lakini si za Kijapani: zile za asili mara nyingi zina kidoti kichwani na msalaba wake unakaa tofauti na bisibisi ya kawaida. Ukikutana na za asili kwenye kufuli la mlango, tafuta bisibisi yake, la sivyo utazila vichwa.

Kuna mahali ambapo sikulitumia boksi hili wala sitalitumia: breki, usukani, na U-bolti za springi za nyuma. Hizo nilinunua mpya kwa namba ya kipuri, pamoja na nati zake. Mkanda wa kiti nao ni habari nyingine. Hata gari ambalo kila kitu chake ni milimita, bolti ya mkanda kwa kawaida ni ya inchi, 7/16 yenye meno 20 kwa inchi. Usiingize M12 pale kwa nguvu. Maisha ya mtu yananing'inia kwenye bolti ile.

Kwa anayeanza na gari lililofunguliwa na kuchanganywa, ningemwambia alinunue, ila anunue geji ya meno na kalipa kwanza. Mimi naliagiza la pili wiki hii kwa ajili ya hizo M10 tu. Mlango wa kushoto umeshakaa, unafunga kwa sauti moja safi, na madigadi ya kulia inasubiri nati nne za kizimba ambazo bado nazitafuta.