Plagi na koili: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Gari likianza kumisi (silinda kukosa kuwaka), wengi hukimbilia koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa kurusha cheche. Mimi naanza na plagi. Plagi iliyolika huacha mwanya mpana, na koili hulazimika kupandisha volti ili cheche iruke. Koili nyingi hufia hapo. Ukifunga koili mpya juu ya plagi chakavu, hiyo nayo unaiua taratibu.

Katika plagi, nafasi ya kwanza naipa iridiamu. Ncha yake ni nyembamba sana (zipo za Denso zenye milimita 0.4 tu), hivyo cheche huruka bila kuilemea koili. Bei yake inauma, lakini nyingi hufikisha kilomita 100,000. Kwenye injini za V6 ambazo plagi za nyuma zimejificha chini ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa), hata sijadili: ufundi wa kuzifikia ni ghali kuliko plagi zenyewe.

Ya pili ni platinamu ya pande mbili, hasa pale koili moja inapowasha silinda mbili. Huko plagi moja hupitisha umeme kinyumenyume na kulika upande wa pili, kwa hiyo platinamu ya upande mmoja haifai.

Nikeli, zile ziitwazo za kopa, nazipa nafasi ya mwisho kwa kuwa huchakaa mapema. Ila kitabu cha gari kikitaja nikeli, nunua nikeli. Iridiamu haiongezi nguvu ya injini, muuzaji aseme atakavyo. Na usilinganishe namba za kampuni tofauti: NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi (inayotoa joto haraka), Bosch ni kinyume chake.

Koili? Chukua ya kampuni iliyokitengenezea kiwanda cha gari lako. Ukikosa, afadhali orijino iliyotumika na kupimwa kuliko mpya isiyo na jina. Seti nzima ya bei ya kutupa iache hapo hapo.

Kabla ya kulipa, badilishana koili ya silinda ya 1 na ya 2. Namba ya hitilafu kwenye mashine ya kupima gari, P0301 (silinda ya 1 inamisi), ikihamia P0302 (silinda ya 2), koili hiyo ndiyo mbovu, nunua moja. Isipohama, kagua plagi, kisha nozeli (kinachopulizia mafuta). Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inatangulia kununuliwa, maana oili hiyo italainisha mpira wa koili mpya pia.