Uzamili wa sera na mambo ya nje: miaka 5 mfululizo au miaka 2 baadaye?

Baadhi ya vyuo vya Marekani, kama George Washington, humruhusu mwanafunzi kuanza masomo ya uzamili kabla hajamaliza shahada ya kwanza, akapata zote mbili kwa miaka 5 hivi. Njia ya kawaida, kama ile ya sera za umma pale Harvard Kennedy School, ni miaka 2 kamili, na wengi huiingia wakiwa wameshaonja kazi.

Kwa gharama, njia ya mkato inashinda: kozi kadhaa huhesabiwa kwenye shahada zote mbili, hivyo ada na muda vinapungua.

Ila itazame likizo ndefu iliyo katikati ya ile miaka 2. Hapo ndipo mtu anakwenda kufanya mafunzo kazini wizarani au kwenye shirika, anaandika muhtasari wa ukurasa mmoja ambao mkuu wake atausoma dakika chache kabla ya kikao, kisha anarudi darasani na maswali ya kweli. Aliyekimbizana na miaka 5 anaweza kuhitimu akizijua nadharia barabara, lakini hajawahi kuona bajeti ikikatwa. Hilo linaniuma, maana vijana hawa wana vipaji. Njia fupi namshauri yule tu aliyekwisha kufanya kazi, hata ya kujitolea, na anayejua hasa anataka kushughulikia nini.