Usiku Mmoja katika Nyumba za Kale za Iringa

Wasafiri wengi wanaijua Iringa kwa kuipita tu. Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hupanda mlima wa Kitonga, huteremsha abiria wachache chini ya mji, kisha huendelea na safari, na mji wenyewe ulio juu ya kilima hubaki nyuma bila kutazamwa. Wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha nao huingia mjini kujaza mafuta na kununua maji. Naandika tathmini hii kwa sababu naamini mji huu unastahili mtu alale, atembee kwa miguu na aulize maswali, na kwa sababu kazi ya kukarabati majengo ya enzi ya ukoloni iliyofanyika hapa ni miongoni mwa kazi zilizofanywa kwa akili zaidi katika Nyanda za Juu Kusini. Nilikwenda na mke wangu mwishoni mwa wiki, wakati wa baridi, na tulilala katika nyumba ya zamani iliyogeuzwa kuwa nyumba ya wageni. Sitaitaja nyumba hiyo kwa jina, maana yako niliyoyapenda na yako niliyoyalalamikia, lakini Boma nitalitaja bila wasiwasi wowote.

Mgeni aanzie Boma. Jengo hili lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 kwa ajili ya hospitali ya kijeshi, baadaye likawa ofisi ya utawala, na kwa miaka mingi wananchi waliliogopa kama mahali pa kuitwa na kuulizwa kodi. Mwaka 2016 lilifunguliwa upya kama Makumbusho ya Mkoa na Kituo cha Utamaduni, kupitia mradi uitwao Fahari Yetu ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Iringa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Nimeingia katika majengo kadhaa ya kale nchini ambayo yalipakwa rangi mpya, yakafungwa kufuli na kusubiri wageni wa kitaifa. Boma la Iringa linatumika. Ndani yake kuna vyumba vya maonyesho vinavyoeleza historia ya mkoa na maisha ya watu wake, pamoja na duka la kazi za mikono ambamo vikapu vya milulu, vile ambavyo akina mama wa Iringa wamevisuka kwa vizazi vingi, vinauzwa bila mnunuzi kulazimika kubishana bei.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi masimulizi yalivyopangwa. Jengo la mkoloni lina kishawishi kikubwa cha kumsifu mkoloni: kuta zake ni nene, mbao zake zimedumu, na mgeni anaweza kutoka akisema tu kwamba watu wale walijua kujenga. Hapa mgeni anaelezwa kwanza habari za wenyeji wa nchi, kisha anaelezwa ni kwa nini Wajerumani walihitaji hospitali ya askari mahali hapa. Swali hilo la pili ndilo linaloufungua mji mzima, na nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu bila jibu lake nyumba za kale za Iringa ni mawe na mabati tu.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki mwa mji wa leo, jeshi la Wahehe chini ya Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa lilikivizia na kukiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo. Zelewski mwenyewe aliuawa siku hiyo. Wajerumani walirudi na mizinga, na mwishoni mwa Oktoba 1894 waliivunja ngome ya Kalenga, makao makuu ya Mkwawa. Hata hivyo, Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kupigana msituni na vilimani kwa karibu miaka minne, akilishwa na kufichwa na watu wake. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1896, Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, alipoanzisha kituo kipya cha kijeshi juu ya kilima kinachotazama bonde la Ruaha Mdogo. Kwa hiyo mji tunaotembea leo ulizaliwa kama kambi ya kumsaka mtu mmoja na kuwatisha waliomficha. Mkwawa alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi ili asishikwe akiwa hai, na kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Boma lilijengwa miaka miwili baadaye.

Ukitoka Boma ukiwa na habari hiyo kichwani, matembezi ya mjini yanapata uzito mwingine. Mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Majimaji, soko kuu, maduka ya Uhindini yenye vyumba vya kuishi juu na biashara chini, na jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismaili, yenye mnara wa saa, vyote viko katika umbali ambao mtu mzima anaweza kuutembea bila haraka kwa mchana mmoja. Nilisikitika kuona kwamba baadhi ya nyumba za Uhindini zimefunikwa mabango ya matangazo hadi nakshi zake hazionekani, na nyingine zimebomolewa mbele na kuwekewa vioo. Sheria ya kuzilinda peke yake haitoshi ikiwa mwenye duka haoni faida ya kuitunza nyumba yake ilivyo. Kwa chakula cha mchana tulikwenda Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 na kuajiri watu wenye ulemavu, ambako katika mgahawa wake wahudumu ni viziwi na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi. Huduma ilikuwa ya upole na kahawa ilikuwa nzuri.

Sasa nije kwenye malazi. Nyumba tuliyolala iko upande wa Gangilonga, kati ya miti mikubwa, na kwa umbo lake ni ya wakati wa Mwingereza: baraza pana mbele, dari iliyo juu sana, madirisha marefu, na sebule yenye meko ya kuotea moto. Mwenye nyumba wa sasa, mama mmoja mstaafu, ameikarabati kidogo kidogo kwa fedha zake mwenyewe, na heshima yangu kwake ni kubwa. Milango ya mninga haikung'olewa. Ilikwanguliwa rangi za zamani na kupakwa mafuta, hivyo mistari ya mbao inaonekana tena. Sakafu ya saruji nyekundu imesuguliwa kwa nta kama ilivyokuwa desturi. Tulipokewa kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, na chai ya maziwa yenye tangawizi kabla ya mtu yeyote kutuuliza habari za malipo, na jioni moto uliwashwa mekoni, jambo ambalo mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam atalishukuru sana, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni au Julai hauna huruma. Mablanketi yalikuwa mazito na safi. Chakula cha usiku kilikuwa kuku wa kienyeji, ugali wa dona, maharage na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na asubuhi tulipewa uji wa ulezi, mayai, viazi vitamu na parachichi.

Kasoro nazo zilikuwepo. Maji ya kuoga huchemshwa katika pipa lililojengewa jiko la kuni nje ya nyumba, utaratibu mzuri na wa kale, lakini moto hauwashwi mpaka mgeni aombe, na sisi hatukuambiwa. Mgeni anayefika jioni akiwa amechoka anapaswa kuyakuta maji yakiwa tayari. Kasoro ya pili ni ya kiufundi na ni nzito zaidi. Chumba tulichopewa kwanza kilikuwa na harufu ya unyevu, na rangi ya ukutani ilikuwa imevimba na kubanduka karibu na sakafu. Mama alieleza kwamba chumba hicho kilipigwa plasta ya saruji miaka michache iliyopita ili kiwe imara. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kuta za zamani zilizojengwa kwa udongo au chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huutoa polepole kupitia plasta ya chokaa. Ukizifunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hujikusanya ndani, na ukuta huanza kuoza ukiwa nyuma ya uso unaoonekana imara. Vyumba vilivyobaki na chokaa chake vilikuwa vikavu kabisa, na ndiko tulikohamishiwa bila ubishi. Nalisema hili kwa ajili ya kila anayefikiria kukarabati nyumba ya baba yake au ya halmashauri: fundi anayekuambia kwamba saruji ni bora kwa kila ukuta hajui kazi ya nyumba za kale, na gharama ya kuibandua baadaye huzidi gharama ya kutafuta chokaa mapema.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyoniuma. Ukumbi wa nyumba umepambwa kwa picha za zamani ambazo mama alizikuta darini: familia ya Kizungu barazani, gari aina ya Land Rover, mbwa wawili. Chini ya kila picha kuna kikaratasi kilichoandikwa kwa usafi. Katika picha mojawapo, nyuma ya familia, wamesimama watu weusi wawili waliovaa kanzu nyeupe, na kikaratasi hakisemi lolote juu yao. Asubuhi, nilipokuwa nikitazama bustani, mzee anayeitunza aliniambia kwamba mmoja wa wale wawili ni baba yake, aliyekuwa mpishi wa nyumba hiyo.

"Mama anajua, mzee wangu?" nilimwuliza.

"Hajaniuliza, mwanangu. Na mimi sikuona kama ni jambo la kusema."

Nilimweleza mama kabla ya kuondoka, kwa adabu, kwamba jina la mpishi yule linapaswa kuandikwa, na kwamba simulizi za mtoto wake zinafaa kurekodiwa wakati bado yupo. Alishtuka kwa dhati, akamwita mzee pale pale wakakaa barazani. Nyumba kama hizi zilijengwa kwa mikono ya watu wa Iringa, zikapikiwa, zikafuliwa na kulindwa na watu wa Iringa. Boma limelielewa hilo. Nyumba za wageni zinazouza ukale zinapaswa kulielewa pia, na wageni wana haki ya kulidai kama wanavyodai shuka safi.

Jiwe la Gangilonga liko karibu, na linafaa kupandwa alfajiri kabla jua halijakali. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari, na kwamba jiwe lilimwonya juu ya ujio wa Wajerumani. Kutoka juu unauona mji wote, kuanzia mabati ya Mlandege hadi bonde la mto. Usiende peke yako, na mlipe vizuri kijana atakayekuongoza.

Baada ya kifungua kinywa tulikwenda Kalenga, kama kilomita 15 kwa njia ya kuelekea Ruaha. Watu wengi huifanya Kalenga kuwa safari ya kando; mimi naiona kama nusu ya pili ya Boma, na naamini mtu aliyeona moja bila nyingine hajamaliza. Makumbusho yenyewe ni madogo. Ndani yake limehifadhiwa fuvu la Mkwawa, lililorudishwa tarehe 19 Juni 1954 na Gavana Edward Twining baada ya kutafutwa katika mkusanyiko wa makumbusho ya Bremen, ingawa kurejeshwa kwake kulikuwa kumeandikwa katika Mkataba wa Versailles tangu mwaka 1919. Miaka 35 ilipita kati ya ahadi na utekelezaji. Hapo hapo kuna makaburi ya watawala wa ukoo huo, likiwemo la Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi baada ya Uhuru. Mhudumu aliyetuongoza alisimulia bila kusoma mahali popote, kwa sauti ya chini, na hakutuharakisha. Tuliingia na kundi la wanafunzi, nao walinyamaza wenyewe bila kuamriwa na mwalimu.

Tosamaganga tuliipitia tu, lakini mwenye muda asiiache. Ni misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani na kuendelezwa na Wakonsolata wa Italia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kanisa lake, hospitali, shule na nyumba za matofali katikati ya mikaratusi vinafanya kijiji kamili cha kale ambacho bado kinafanya kazi kila siku. Wageni waombe ruhusa kabla ya kupiga picha, kwa kuwa hapo kuna wagonjwa na wanafunzi.

Kwa mtu mwenye usiku mmoja tu, nashauri afike Iringa kabla ya saa sita mchana, aende Boma moja kwa moja, atembee Uhindini alasiri, alale upande wa Gangilonga na atenge asubuhi yote kwa Kalenga. Watoto wa kuanzia darasa la nne watafuata vizuri. Wadogo zaidi watachoka Boma. Kabla ya kulipia nyumba yoyote ya kale, omba uoneshwe chumba, gusa ukuta karibu na sakafu, na ulizia saa ya maji ya moto. Beba sweta hata kama unakotoka kuna joto. Wanaoendelea na safari kwenda Mbeya wanaweza kusimama Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, palipo na zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na maji; huko hakuna kivuli cha kutosha, kwa hiyo wafike kabla ya saa nne asubuhi au waisubiri saa kumi jioni.