MikroTik hEX na laini mbili za intaneti: uache l3 au uweke l4?

Mambo vipi wadau, leo nipo na hii hEX, RB750Gr3, ruta ya MikroTik, kiboksi cha poti 5 za giga, RAM 256MB, na mnaniuliza sana kama inaweza kugawa mzigo kwenye laini mbili za intaneti. Inaweza, tena vizuri tu, ila ukikosea kuseti utailaumu bure, hasa hapo kwenye l3 na l4, yaani njia mbili za ruta kuamua mzigo upi upite laini ipi.

Hii yangu ina RouterOS 7, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik. Unaanza na modemu, maana nyingi zinakuja na 192.168.1.1, zikiwa mbili zinagongana, kwa hiyo moja ipeleke 192.168.2.1, halafu unaweka ruti mbili za 0.0.0.0/0, yaani njia za kwenda kokote intaneti, kila moja na geitwei yake (IP ya modemu yake), distance, yaani kipaumbele, zote 1, ukiona alama ya kujumlisha pembeni ya ruti ujue zimekubali kwenda pamoja.

Sasa sikilizeni hapa. Ruta haitupi paketi moja huku nyingine kule, hapana. Ukiiacha ilivyo, yaani l3, inaangalia IP ya anayetuma na IP ya anakoenda, basi simu yako ikifungua tovuti fulani inapita laini ileile muda wote, ndo maana ukipima spidi unaona ya laini moja tu, haijagoma. Ukiweka l4 inaangalia na namba za poti, mzigo unagawanyika zaidi. Mimi kuna hosteli nilifunga nikaweka l4, spidi safi kabisa, kesho yake napigiwa simu, wanafunzi wakiingia kwenye akaunti zao za chuo wanatolewa kila saa! Kumbe kila laini inatoka na IP yake ya nje, mfumo unaona mtu mmoja anakuja kwa IP mbili, unamkata. Nikarudisha l3, ikatulia.

Kwa hiyo laini za kampuni tofauti baki na l3, l4 iweke kama njia zako mbili zinaishia sehemu moja, mfano redio mbili kati ya mnara na mnara.

Na laini zilingane jamani, maana ruta inagawa nusu kwa nusu, haijui kwamba hii ni ya Mbps 50 ile ya 10, wataobahatika na ya 10 watateseka.

Kuna check-gateway=ping pia, inayopima kama geitwei inajibu, iweke, lakini inapima mpaka kwenye modemu tu, faiba ikikatwa huko barabarani modemu bado inajibu, na nusu ya watu hawana neti. Hapo geitwei ya kupima iwe ya mbali, kwa ruti ya rikasivu, yaani ruti ambayo geitwei yake inafikiwa kupitia ruti nyingine, ngoja nifungue Winbox, programu ya kuseti MikroTik, tuiandike pamoja.