Uzoefu wangu: siku moja Mandara kwa njia ya Marangu, nikiwa mgeni wa rafiki yangu

Rafiki yangu wa chuo alirudi kwao Marangu kumtunza mama yake, na tangu hapo kila tukipigiana simu swali lake ni lilelile: utakuja lini? Mwezi wa pili nikapanda basi la alfajiri kutoka Dar, nikashuka Moshi nimechoka, nikaunganisha na daladala ya Marangu Mtoni. Mama yake alinipokea na bakuli la mtori wa moto kabla hata sijatua begi. "Karibu mwanangu, kula kwanza, salamu zitafuata."

Naandika hasa kuhusu siku ya pili, tuliyopanda hadi Mandara, kambi ya kwanza ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na kurudi. Nawaandikia Watanzania wenzangu ambao, kama mimi kabla ya safari hii, wanaamini Kilimanjaro ni ya wageni wenye dola au ya mtu mwenye wiki nzima ya likizo. Si kweli. Kuna safari ya siku moja, na kiingilio chetu raia kinalipwa kwa shilingi, kidogo mno ukilinganisha na cha wageni. Beba kitambulisho cha NIDA, maana bila hicho utaanza kujieleza getini. Sisi tulilipa kwa kontroli namba kupitia simu, kwa hiyo hakikisha simu ina salio na chaji.

Kwanza niseme kilichoniudhi, kisha nisikirudie. Viatu nilikodi Moshi mjini, kwenye duka ambalo sitalitaja. Vilionekana vizima. Muuzaji alinihakikishia vimeshafika kilele cha Uhuru na kurudi mara nyingi, nami nikachukulia hiyo ni sifa. Hata saa moja ya kutembea haikuisha, soli ya kulia ikaanza kuachia mbele, kila hatua inapiga "plap" kwenye tope. Ukikodi, kunja kiatu kwa mikono miwili dukani palepale, vuta soli kwa kidole, kisha tembea nacho nje dakika kumi. Mimi sikufanya hivyo.

Aliyeniokoa ni kiongozi wetu, na huyu ndiye sababu kubwa ya mimi kuandika. Ni kijana wa jirani na kina rafiki yangu, mwenye leseni (ndani ya hifadhi huruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni). Alinikalisha kwenye gogo, akatoa mfukoni ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule mpira tunaofungia mizigo, akauzungusha kiatu mara nne kwa kuuvuta kwa nguvu, akachomeka ncha chini. "Dada, sasa hiki kitafika." Kikafika, kikarudi, na jioni ilibidi tuukate kwa kisu.

Njia yenyewe ni kama kilomita nane kutoka getini, palipo juu ya mita 1,800, hadi Mandara kwenye mita 2,720. Tulitumia saa tatu na nusu, kwa sababu kiongozi alikataa tukimbie. Kipimo chake ni kimoja: ukishindwa kuzungumza unatembea haraka mno. Basi tukazungumza. Pale getini alikuwa ametuonyesha kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na rafiki yangu akadakia hapohapo kumtaja Kinyala Lauwo, mzee wa Marangu hii hii anayekumbukwa kama kiongozi wa safari ile. Ukisikia watu wa Marangu wanavyolitaja jina hilo, utaelewa kwa nini kazi ya kuongoza mlimani wanaiona ni urithi.

Msituni ni baridi, giza kidogo, miti imeota ndevu za kijivu zinazoning'inia hadi usoni. Tuliona mbega wanne juu ya mti mmoja, wamekaa kimya, mikia yao myeupe imeshuka kama mapazia. Lakini kilichonisimamisha zaidi kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kiongozi aliinama kando ya njia akainua jani, chini yake kukawa na ua jekundu lenye manjano, nyuma limejikunja mfano wa mkonga wa tembo. Linaitwa kitaalamu Impatiens kilimanjari, na halioti mahali pengine popote duniani ila mlima huu. Aliliinua kwa kidole kimoja, hakulichuma, akalirudisha jani mahali pake. Nilimpenda kwa hilo.

Mandara ni vibanda vya mbao vyenye mapaa yaliyochongoka. Tulikula ndizi za kuchemsha na mayai tuliyofungiwa na Mama, tukawapa pole wagumu, yaani wapagazi, waliokuwa wakipita na mizigo kichwani kuelekea kambi ya Horombo. Msiishie hapo. Tembeeni tena robo saa hivi hadi kreta ya Maundi. Ukungu ulifunguka kwa dakika chache, vilele vya Kibo na Mawenzi vikatokea pamoja, na upande wa pili nyanda za Kenya. Rafiki yangu, aliyezaliwa chini ya mlima huu, alikuwa hajawahi kufika hapo. Alinishika mkono, hatukusema kitu.

Huduma ya kiongozi naipa nyota tano. Tulikubaliana malipo siku moja kabla, hakuongeza hata senti, tukampa na asante yake. Viatu nyota moja. Chagueni Januari na Februari au Juni hadi Oktoba. Machi hadi Mei ni masika na njia ni tope tupu.

Tuliporudi jua linazama, Mama hakuuliza habari ya Kibo. Aliuliza, "Huko juu maji yapo?" Tukamwambia vijito vyote tulivyovuka vilikuwa vinatiririka. Akafurahi, akachukua jembe: usiku ule ilikuwa zamu yake kwenye mfongo, ule mtaro unaoshusha maji ya mlimani hadi kwenye vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba. Nilimmulikia kwa simu kati ya migomba na mibuni akakata kizuizi cha udongo kwa mapigo mawili. Maji yakaja taratibu, yakisukuma majani makavu mbele yake. Nikavua ndala, nikatia miguu yenye malengelenge. Yalikuwa na baridi ileile ya msituni.