Uzoefu wangu na seti ya parachuti ya mtumba, kwa mtu wa Dar anayefikiria kununua ya kwake

Wadau habari zenu, kuna watu wameniuliza sana kuhusu hii seti yangu ya kurukia angani, kama namshauri mtu wa Dar anunue ya kwake au aendelee kukodi kila akienda kuruka, nimeona niandike sehemu moja maana maelezo ni marefu na kila mtu nikimjibu kwake naruka vitu vya muhimu. Jibu la haraka ni kwamba kanopi yenyewe naipenda mpaka leo, begi na hanesi sijaridhika, AAD nilidanganywa, na huduma baada ya kununua kwa sisi tulio huku ndo hakuna kabisa na hiyo ndo inayoniuma kuliko vyote.

Kwa ambaye hajui, seti kamili ni begi ambalo limeshonwa pamoja na hanesi, yaani mikanda ya kuvaa mwilini, mwamvuli mkubwa unaoruka nao kila siku ambao ndo kanopi, mwamvuli wa akiba ambao wenyewe tunauita rizevu, na hiyo AAD. AAD ni kikompyuta kidogo kinakaa ndani ya begi kinapima presha ya hewa, ukifika kama mita 225 kutoka ardhini na bado unashuka spidi ya mita 35 kwa sekunde au zaidi kinaelewa kwamba huyu mtu hajafungua, labda amezimia au amechanganyikiwa, kinakata kitanzi kinachofunga rizevu na rizevu inatoka yenyewe. CYPRES ya Wajerumani ilivyoingia sokoni 1991 ndo watu wakaanza kuviamini hivi vifaa, kabla ya hapo wengi walikuwa wanaviogopa. Mimi bila AAD sipandi ndege, hilo sibishani na mtu.

Sasa kwa nini mtumba? Seti mpya kamili inaenda dola elfu saba mpaka elfu kumi, alafu unasubiri miezi maana begi linashonwa kwa vipimo vyako. Mtumba nzuri unapata kwa elfu tatu mpaka elfu tano, bado hujalipa usafiri na ushuru. Kwa mshahara wa hapa mjini hata hiyo ya mtumba ni kujibana kweli kweli, nimeacha mambo mengi kwa ajili ya hii kitu, kwaiyo nikisema nimeumia mnielewe.

Nilinunua kwa muuzaji mmoja wa Ulaya, duka lake jina silitaji. Nilimuuliza kila kitu kwa maandishi. Kanopi imetengenezwa mwaka gani, kamba ni za aina gani na zimerukiwa kiasi gani, AAD imebakiza muda gani, kadi ya rizevu inasomaje, hanesi ni saizi ipi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba seti imetumika kidogo, imekaa ndani muda wote, hali kama mpya, AAD "bado ina miaka mingi", na picha akatuma, na picha zilikuwa nzuri jamani, rangi bado inang'aa, hakuna doa.

Mzigo umefika, nimefungua nyumbani hapa Tabata, kitu cha kwanza nikaangalia ile sili ya rizevu. Riga, yaani fundi mwenye leseni ya kukagua na kupaki parachuti, akishapaki rizevu anapitisha uzi mwembamba mwekundu kwenye pini, anabana na kidonge kidogo cha risasi chenye alama yake, alafu anasaini kadi na tarehe. Ukikuta uzi umekatika maana yake hujui nani kaingiza mkono humo ndani. Yangu ilikuwa na kipande cha uzi tu kinaning'inia, kidonge hakipo. Nikageukia AAD, lebo yake ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa, nikapiga hesabu nikakuta imebakiza chini ya miaka miwili. CYPRES za sasa mtengenezaji anazipa umri wa miaka 15 na nusu, Vigil ambayo ni AAD nyingine miaka 20, na huo umri unahesabiwa toka ilipotengenezwa, sio toka uliponunua wewe, wala hajali umeitumia mara ngapi. Sasa "miaka mingi" ni ipi hiyo? Na AAD mpya ni dola elfu moja na mia kadhaa, karibu robo ya bei ya seti nzima ya mtumba.

Nilivyomwandikia akanijibu kifaa kinawaka na kinafanya kazi vizuri. Ni kweli kinawaka. Lakini mimi sikuuliza kama kinawaka! Nilitaka kujua kimebakiza muda gani kwa sababu kuna viwanja ukienda na AAD iliyopita muda wake hawakupandishi ndege, na wako sahihi. Mwishoni akanipa punguzo kwenye manunuzi yajayo, mimi nikamwambia asante sitanunua tena.

Hapa ndo kuna jambo ninalotaka watu wa huku walielewe vizuri. Hii michezo vifaa vyake vinazeeka kwa kalenda. Sisi tumezoea gari, pikipiki, jenereta, ukisikia imetumika kidogo unafurahi. Parachuti sivyo. Rizevu kwa sheria ya Marekani inatakiwa ifunguliwe, ikaguliwe na ipakiwe upya kila siku 180 na riga mwenye leseni, kabla ya 2008 ilikuwa siku 120, na hata kama hujaruka hata mara moja siku zikifika imeisha muda. Mtu anayeishi jirani na uwanja wa kurukia anaruka kila wikiendi anapeleka begi lake kwa riga Ijumaa anachukua Jumamosi. Mimi nipo Dar naruka kwa msimu, kuna kipindi rizevu imepakiwa, nimelipa hela, nimerudi nayo nyumbani, na muda wake unaisha ikiwa kabatini. Kwaiyo yule anayeruka kidogo ndo anayelipa zaidi kwa kila mruko.

Na riga hapa mjini sijampata. Makomandoo wa JWTZ tunawaona kwenye sherehe za kitaifa wanashuka uwanjani na bendera, najivunia sana nikiwaona, lakini yale ni mambo ya jeshi, raia huwezi kwenda na begi lako getini ukasema nipakieni. Mimi kuruka naenda Diani, napanda basi la Mombasa linapita Tanga, Horohoro, Lunga Lunga, nashuka Ukunda kabla halijafika Likoni. Begi silitupi kwenye buti, nalipakata njia nzima, maana buti lina joto na siku nyingine lina ndoo za mafuta. Mpakani lazima uelezee. Mara nyingi wanaelewa, ila nashauri ukinunua AAD hakikisha unapewa na ile kadi inayoonyesha ikipigwa eksrei inaonekanaje, maana ndani kuna kikatio chenye baruti kidogo sana, na ofisa akiona waya na betri kwenye skrini bila maelezo atakuchelewesha na ana haki.

Haya tuje kwenye kamba, hapa nitakaa kidogo.

Mruko wa kwanza na kanopi hii Diani imefunguka vizuri, nikaangalia juu iko mraba, kitambaa cha slaida kimeshuka, nikashika breki, yaani vile vishikio viwili vya kuongozea, nikaachia mikono juu kabisa... ikaanza kwenda kulia. Taratibu, sio kwa nguvu, lakini inaenda kulia yenyewe. Nikavuta kushoto kidogo ikanyooka, nikatua salama nimevuta mkono mmoja njia nzima. Chini nikamwambia mwalimu, jamaa akachukua raiza zote mbili, ile mikanda inayounganisha kamba na hanesi, akazifunga pamoja kwenye nguzo, tukavuta kanopi kwa nyuma kamba zikakaza, akaanza kulinganisha jozi moja moja, kushoto na kulia. Kamba za mbele zinalingana. Za katikati zinalingana. Akafika kwenye za breki, ya kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto kwa upana wa vidole vinne, na zote mbili zilikuwa fupi kuliko jedwali la mtengenezaji. Yaani kanopi ilikuwa inaruka na breki ya kulia imevutwa muda wote.

Sababu yake ni kwamba kamba zangu ni Spectra. Hizi ni nyembamba na imara lakini zikipata joto zinasinyaa, na joto linatoka kwenye slaida, kile kitambaa cha mraba chenye pete za chuma pembeni kinachoshuka kwa kasi kwenye kamba wakati mwamvuli unafunguka ili usifunguke kwa mpigo. Kamba za pembeni na za breki ndo zinasuguliwa zaidi na zile pete, kwaiyo ndo zinasinyaa zaidi, na kidogo kidogo umbo zima la kanopi linaharibika. Zipo za Vectran na HMA ambazo hazisinyai hivo, ila hizo zinachakaa kwa kutoka manyoya mpaka siku inakatika, kwaiyo kila moja na ugonjwa wake. Kamba zikifika kwenye mamia ya miruko unabadilisha, ni kawaida kabisa. Ambacho sio kawaida ni kuuziwa kamba zilizosinyaa kiasi kile ukaambiwa zimetumika kidogo. Kusinyaa kule hakutokei kabatini.

Tulibadilisha kamba za breki na toka hapo hii kanopi ni tamu. Ni futi za mraba 190, kwa uzito wangu inanipa karibu paundi moja kwa kila futi, inafunguka pole pole, inanyooka, ukivuta breki mwisho inasimama unashuka kwa miguu kama unatoka kwenye ngazi. Hapo mtengenezaji nampa sifa zake, kitambaa miaka yote hiyo bado hewa haipiti.

Begi sasa. Ule mfuko wa chini ya mgongo unaokaa kimwavuli kidogo cha kuvuta mwamvuli mkubwa utoke umeshonwa kwa kitambaa cha kuvutika kama cha nguo za mazoezi, na wangu ulikuja umelegea, ukiweka kimwavuli ukainama kilikuwa kinachungulia. Watu wanaona kama kitu kidogo lakini kile kikitoka chenyewe ukiwa mlangoni mwa ndege, mwamvuli unafunguka hapo hapo na unaweza kushika mkia wa ndege, hapo sio wewe tu, ni ndege nzima na rubani. Sijawahi kuruka na ule mfuko ukiwa vile, nilikodi begi la pale mpaka riga akashona mpya. Velkro ya kushikilia breki nayo imekwisha meno. Na hanesi ni saizi ya mtu mrefu kuliko mimi, muuzaji alisema inatosha urefu wangu, haitoshi, mwamvuli ukifunguka mkanda wa kifuani unapanda karibu na kidevu.

Fundi mmoja wa mabegi Kariakoo, fundi mzuri kweli, aliniambia niache aipunguze, jioni nichukue. Namheshimu na ovaroli yangu ya kurukia ni yeye kaishona, imekaa vizuri kuliko za dukani, mishono safi, bei ya kizalendo. Lakini hanesi nilikataa. Uzi wake, aina ya mshono, idadi ya mishono kwa kila inchi, vyote vimeandikwa na kiwanda na vimepimwa kwa uzito, mwenye ruhusa ni riga wa daraja la juu au kiwanda chenyewe. Tafadhali msije mkapeleka hanesi kwa fundi viatu.

Alafu kuna hili joto na chumvi ya Dar. Zile pete tatu za kwenye raiza, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970, ndo zinakuwezesha kuuachia mwamvuli mkubwa ulioharibika kwa kuvuta mpini mmoja. Zinataka kufunguliwa kila mwezi, unapindapinda ule mkanda usikakamae, na zile waya za njano unazifuta. Mimi nikizifuta kitambaa kinatoka cheusi kila mara, vumbi na unyevu vinaganda pale, na waya ukinata utavuta kwa nguvu nyingi siku ambayo huna muda. Seti naiweka chumba cha ndani mbali na dirisha, maana jua linakula nailoni hata kama hulioni likila.

Kinachonikera kwenye mchezo wenyewe ni maneno ya "ni kawaida hiyo". Unaonyesha mfuko umelegea, ni kawaida. Breki inavuta, utazoea. Na wale wanaokusukuma ushuke haraka kwenye kanopi ndogo kwa sababu kubwa ni ya wanafunzi, wakati ajali nyingi siku hizi zinatokea mwamvuli ukiwa umefunguka vizuri kabisa, mtu anageuka chini chini na kanopi kali anapiga ardhi. Mimi na 190 yangu nipo na nitakuwepo.

Kwaiyo ushauri wangu kwa mtu wa Dar, kama unaenda mara moja moja kodi, usione aibu. Kama umeamua kununua, hela usitume kabla hujapata picha ya lebo ya AAD, lebo ya kanopi, lebo ya rizevu, kadi ya kupakia na sili yake, na riga wa upande wa pili apime kamba akutumie vipimo, akikataa achana naye hata kama bei inakuita.

Kwa wale ambao tayari mna seti hapa mjini, najua mpo wachache, tutafutane. Nimeshaongea na riga mmoja wa Kenya, yuko tayari kuja Dar kila baada ya miezi sita kama tutafika watu watano wa kumchangia nauli na malazi, mpaka sasa tupo watatu.